Nilitaka Barasa Anenepe

Jumapili, mwezi wa saba, 1956. Nakuru.

Baridi ya leo ni ya kuingia mifupani. Ukungu haukutoka mlima Menengai mpaka saa sita, na harufu ya pareto kutoka kiwandani imelala juu ya nyumba za reli tangu asubuhi. Nimevaa koti ndani ya nyumba. Koti lenyewe linanipwaya, na ukitaka habari yangu kwa ufupi ndiyo hiyo.

Nimekonda. Nilitaka kukonda, nikakonda, na leo nusura mke wangu arudishwe kwa baba yake kwa sababu hiyo.

Niko peke yangu. Selina amekwenda mtaa wa Bondeni, nyumbani kwa Mzee Laban, alikofikia mama yangu. Jua halijazama bado, nina kalamu na daftari hili, na hakuna mtu wa kunitazama. Nitaandika kama ilivyokuwa, hata yale yanayoniaibisha. Yanayoniaibisha ndiyo mengi.

Mimi ni mtu wa wivu. Nilizaliwa nao. Ndugu yangu alipougua matubwitubwi tukiwa wadogo, nilimwonea wivu kwa mayai aliyokuwa akipikiwa na mama, nikaenda kulala kitanda kimoja naye ili niambukizwe. Nikaambukizwa, na mayai yalikuwa yamekwisha.

Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyeoa Selina.

Kwa miaka kumi na miwili wivu wangu haukupata kazi nyumbani. Selina ni mtu wa kanisa, wa bustani yake ndogo ya kunde nyuma ya nyumba, na wa kucheka kwa sauti ambayo jirani wa nyumba ya tatu anaisikia. Watoto wetu wawili wanasoma huko kwetu, wako kwa mama yangu. Hapa tuko sisi wawili na chumba na jiko. Wivu wangu niliumalizia ofisini, kwa makarani wenzangu na baiskeli zao.

Zamani mimi nilikuwa mwembamba. Kazi yangu ya kwanza hapa stesheni ilikuwa kuzunguka yadi na kuandika namba za mabehewa, mvua au jua, tangu asubuhi hadi jioni. Halafu wakanipandisha cheo, wakanipa kiti katika ofisi ya mizigo. Kiti kilikuja na chai ya saa nne, chai ilikuja na mandazi, na baada ya miaka mitatu tumbo nalo likaja, likakaa. Fundi Athumani wa Bondeni, anayenishonea suruali, alizikata nyuma akatia kipande cha kuongezea. Mara ya pili alipotia kipande alinitazama juu ya miwani yake.

"Bwana Karani," akasema, "mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wewe siku hizi huinami kabisa."

Nilicheka, kwa sababu kwetu tumbo si aibu. Tumbo la karani ni cheti cha mke wake. Nikienda likizo, akina mama wa kanisani humshika Selina mkono na kumshukuru kama vile yeye ndiye aliyefaulu mtihani. Mama yangu alikuwa akinipapasa mbavu, akikosa kuzipata anasema, "Asante, binti yangu." Selina anainama kidogo na kutabasamu. Nyumba yetu ilisimama juu ya tumbo hilo.

Kisha ikaja Jumatatu ya Pasaka.

Tulikwenda kutazama mpira, timu yetu ya reli na timu ya mjini. Tulikaa nyasini, Selina na mimi, tunakula karanga. Winga wa timu yetu ni Barasa, faiaman, mchochea moto wa injini ndogo inayopanga mabehewa yadini. Ni mtu wa kwetu, hajaoa, na kwa sababu ya undugu wa nyumbani humwita Selina shemeji. Siku hiyo alichukua mpira katikati akakimbia nao pembeni, watu watatu wakimfuata, na hakuna aliyemshika.

Selina akanyoosha mkono, akasema, "Tazama huyo. Kama hana mwili wa kubeba."

Ni maneno hayo tu. Halafu akageuka kunitazama. Nilikuwa nimeegemea mkono mmoja, na karanga zangu nilikuwa nimeziweka juu ya tumbo, zimekaa vizuri bila kuanguka. Akacheka kicheko chake kile cha kusikika nyumba ya tatu.

Sikucheka.

Usiku ule sikulala vizuri. Niliona ule mkono wake ukinyooka kumwonyesha Barasa. Nikajiuliza alikuwa amemtazama kwa muda gani kabla ya kusema, maana mtu husema baada ya kutazama. Siku ya tatu nilikwenda kwa daktari msaidizi wa zahanati nikamwambia nataka kupunguza mwili. Aliniuliza kama ninaumwa. Nikasema hapana. Akaniuliza tena. Mwishowe akaniambia: ugali nusu ya ule ninaokula, nyama bila mafuta, chai bila sukari, mboga nyingi, na kutembea kila siku mpaka jasho litoke. Akasema nisiache kula, nisikimbilie kukonda kwa juma moja, mwili unataka chakula na kazi kwa kipimo. Maneno mazuri. Nilishika nusu yake.

Kwanza nilianza na kukimbia. Niliamka kabla ya mapambazuko, nikavaa fulana na kaptura ya zamani, nikashika barabara ya kuelekea ziwani. Sijui akili yangu ilikuwa wapi. Nchi iko katika hali ya hatari, na mimi natoka mbio gizani. Sikufika hata kwenye madaraja ya reli nikamulikwa tochi usoni na askari wawili.

"Wewe, simama. Nani anakufukuza?"

"Hakuna, afande."

"Basi unakimbia nini?"

"Nafanya mazoezi. Ya kupunguza mwili."

Wakatazamana. Mmoja akanizunguka akaliangalia tumbo langu kutoka kila upande, kama mtu anayenunua ng'ombe. "Huu mwili watu wanautafuta," akamwambia mwenzake, "huyu anautupa." Wakataka kipande changu cha kitambulisho, nacho kilikuwa nyumbani kwenye koti. Walinisindikiza hadi mlangoni. Selina alifungua akiwa na taa mkononi, nikamwambia nilikuwa nawahi treni ya mizigo iliyochelewa. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza.

Nikaacha kukimbia. Wakati wa chakula cha mchana, makarani wenzangu wakienda zao, nilijifungia nyuma ya magunia ya mahindi katika ghala la mizigo nikaruka kamba kama msichana wa shule. Mara ya kwanza niliruka kumi na mbili nikadhani moyo umehama. Mwezi wa sita nilikuwa nafika mia mbili. Jumapili baada ya ibada nilimwambia Selina nakwenda kuona rafiki, kumbe napanda mteremko wa Menengai peke yangu na Biblia mfukoni.

Chakula ndicho kilichonisumbua.

Asiye wa kwetu anaweza kuuliza: si ungemwambia mkeo apunguze? Mwanamume wa kwetu akimwambia mkewe "nipunguzie chakula," amemwambia moja ya mambo mawili. Ama chakula chako kibaya, ama nimeshiba kwa mwingine. Hakuna la tatu. Na kama ningelitaja la tatu ningelazimika kueleza ni la nini, yaani ningelazimika kulitaja jina la Barasa mbele yake, na hilo sikuweza. Kulitaja ni kumpa Selina mtu mwenyewe. Ndivyo nilivyofikiri.

Kila asubuhi Selina hunifungia bakuli la bati lenye kifuniko, ugali upande mmoja, kitoweo upande mwingine, na kitambaa cheupe juu. Kulitupa ni dhambi. Kulirudisha nyumbani likiwa limejaa ni vita. Nilikaa nalo mezani siku mbili za kwanza, nikala robo na kuwagawia mahamali. Siku ya tatu Barasa alipita dirishani na mkate mkavu mkononi, huo ndio mlo wake wa mchana.

Wazo lilinijia lote kwa pamoja, na nilipolipata nilitabasamu peke yangu.

Nikamwita. "Ndugu, chukua hili. Daktari amenikataza vyakula vizito."

Akafungua kifuniko, akanusa. "Bwana Karani, hiki chakula cha shemeji mwenyewe?"

"Chake."

"Kila siku?"

"Kila siku, kama unataka."

Alishukuru mpaka nikaona haya. Alinishukuru, na mimi moyoni nikawa ninampima kiuno. Nilitaka anenepe. Niliona mbele yangu Jumatatu nyingine ya Pasaka, mimi nimenyooka kama mlingoti, na Barasa anavuta miguu pembeni ya uwanja, na Selina anageuka kunitazama bila kucheka. Mtu mzima, karani wa mizigo, msomaji wa somo la pili kanisani, ndiyo hesabu niliyoipiga.

Hakunenepa.

Alikula ugali wa mke wangu juma baada ya juma akazidi kukimbia. Mabega yalijaa, shingo ikang'aa, miguu ikawa na nguvu zaidi. Mechi tatu mfululizo alifunga yeye. Mimi nilikaa nyasini na fulana inayonipwaya, natazama kuku wangu na kunde zangu na siagi yangu ya Jumamosi vikipita pembeni mbio, na watu wanashangilia.

Selina naye, alipoona nakonda, hakusema kitu cha kunifurahisha. Nilingoja. Fundi Athumani alivitoa vile vipande viwili vya suruali akanipa mkononi kama mtu anayerudisha amana, na nikaenda nyumbani nikasimama mlangoni kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Selina akaniuliza, "Baba Rebeka, unaumwa?" Kuanzia siku hiyo akazidisha mafuta kwenye kitoweo. Akaongeza na yai la kuchemsha.

Barasa akala na yai.

Sasa niandike lile baya.

Pale bombani, wanawake wanakochota maji, Barasa alipita jioni moja baada ya mechi, wakamsifu, naye akajibu kwa furaha yake yote kwamba nguvu zake siku hizi ni chakula cha shemeji Selina. Hakuongeza wala hakupunguza. Hakujua kwamba kuna cha kuongeza. Wale wanawake wakaangalia upande mmoja wakamwona yeye, wakaangalia upande wa pili wakaniona mimi. Mke ana mume anayekauka na ana shemeji anayenawiri. Lisemwalo lipo, wakasema. Ilikuwa hesabu rahisi na yote niliipanga mimi kwa mikono yangu.

Alhamisi ya juma lililopita, siku kumi zilizopita, Mzee Laban alikuja ofisini kwangu. Mzee Laban huuza maharagwe Bondeni na ndiye mwenyekiti wa chama cha watu wa kwetu hapa Nakuru. Alikaa, akaweka kofia magotini. Akasema kikulacho ki nguoni mwako. Akasema mke wangu anampikia Barasa, mji mzima unajua, na mimi naonekana ninavyokauka.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema maneno manne: mzee, chakula nakipeleka mimi.

Nilisema, "Asante, mzee."

Nitajaribu kueleza, ingawa nikiyasoma haya kesho sitayaamini. Mimi ndiye niliyelibeba bakuli. Mimi ndiye niliyemwita Barasa. Hakuna mtu duniani aliyejua kama mimi kwamba Selina hana kosa. Na bado Mzee Laban alipotamka majina yale mawili pamoja, nikasema moyoni: aha.

Nikaanza kumchunguza. Nikajiambia labda amegundua ninakopeleka bakuli, ndiyo maana mafuta yamezidi. Labda yai ni la Barasa, si langu. Labda kuna bakuli la pili. Siku moja nilirudi saa nne asubuhi nikidai nimesahau kalamu, nikamkuta anapalilia kunde. Nikaona hata hizo kunde ni nyingi mno kwa watu wawili. Nilihesabu vipande vya nyama sufuriani. Nilimtazama akicheka na nikageuka kutazama dirishani kama kuna mtu.

Wakati huohuo niliona, kwa macho haya, jinsi wanawake bombani walivyokuwa wanavuta ndoo zao pembeni akifika. Salamu zilipungua. Jumapili iliyopita alikaa peke yake kwenye benchi la kanisa, nafasi ya watu watatu kila upande. Alirudi akapika, hakuniuliza kitu. Neno moja tu kutoka kwangu lingemaliza yote, na nilikuwa nalo mdomoni siku kumi.

Mzee Laban alidhani ukimya wangu ni wa mwanamume aliyeumia. Akatuma habari kwetu kwa mlinzi wa treni. Ijumaa mama yangu akashuka stesheni na kuku, unga wa wimbi, na uso ambao sijauona tangu baba alipofariki. Alinishika mbavu. Safari hii alizipata zote. Akalia pale pale kwenye jukwaa, abiria wanapita.

Hakukanyaga nyumbani kwangu. Alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Laban, akasema Jumatatu atapanda treni na Selina, amfikishe kwa baba yake mzazi, mambo mengine yasikilizwe huko.

Leo baada ya ibada tulikaa nyumbani kwa Mzee Laban. Wazee wanne kwenye viti, akina mama watatu kwenye mkeka pamoja na mama yangu, Selina kwenye kigoda karibu na mlango. Barasa hakuwepo, timu imekwenda Kisumu kucheza na itarudi Jumanne. Mzee Laban alitaka tumngoje.

"Mwizi hangojwi," mama akasema. "Mtazameni mwanangu. Nililea mtu, mmenirudishia mwanzi."

Mzee Laban akamgeukia Selina. "Mama Rebeka, umesikia yanayosemwa. Chakula chako kinaliwa na Barasa?"

Selina alikuwa ameshika mikono yake miwili pamoja. Hakulia. "Mzee, mimi chakula nakifunga asubuhi, nampa mume wangu mkononi. Kikishavuka mlango sikioni tena. Muulizeni aliyekibeba."

Kisha akanitazama. Wote wakanitazama.

Naomba Mungu anisamehe kwa kile kidogo kilichopita kabla sijafungua mdomo. Niliona treni ya Jumatatu. Niliona akienda, jina la Barasa likiondoka naye, na mimi ninabaki mtu wa kuhurumiwa, mwembamba, asiye na la kueleza. Nilikiona kitu hicho na kwa kiasi cha pumzi moja kilinipendeza.

Nikasimama. "Ni mimi," nikasema. "Mimi ndiye ninayempa Barasa chakula. Tangu mwezi wa nne. Selina hajui."



"Kwa nini?" Mzee Laban akauliza. "Yeye alikuomba?"

"Hapana. Nilitaka anenepe."

Mzee mmoja akakohoa. Mama akasogea ukingoni mwa mkeka. "Anenepe iweje, Zablon?"

"Asikimbie. Selina alimtazama akikimbia, Pasaka. Na mimi nilikuwa nataka kukonda. Nikaona chakula kimoja kitafanya kazi mbili."

Wa kwanza kucheka alikuwa Mzee Laban mwenyewe, akajaribu kuficha kwa kofia. Kisha wazee wote, kisha akina mama, wakashikana mabega. Mmoja akasema wanaume wa kwetu wamewahi kuwapa mahasimu wao sumu, lakini yai la kuchemsha, hilo hajasikia. Walicheka mpaka machozi. Nami nilicheka kidogo, kwa sababu niliona jambo limekwisha.

Mama yangu hakucheka. Aliupiga mkeka kwa kiganja. "Nimewaacha watoto wenu na shangazi yao, nimepanda gari la moshi usiku kucha kwa sababu hii?" Akajivuta kwa magoti mpaka kwenye kigoda cha Selina, akamwekea yule kuku miguuni. "Binti yangu, nimekukosea. Nilikuita mwizi mbele ya watu." Selina akateremka kigodani haraka, maana si vizuri mkwe kuwa chini na wewe juu, wakakumbatiana pale sakafuni.

Selina naye hakucheka. Nililiona hilo na nikajifanya sikuliona.

Tulirudi nyumbani tukipitia kando ya reli, yeye mbele, mimi nyuma. Nilimwambia maneno mengi mgongoni. Nilimweleza daktari, kamba, magunia, askari wa tochi. Nilidhani askari watamchekesha. Tulipofika alikaa kitandani bila kuvua kitambaa cha kichwa.

"Mzee Laban alikwambia lini?"

Ningeweza kusema jana. Nilifikiria kusema jana. "Alhamisi ya juma lililopita."

Akahesabu kimyakimya. "Siku kumi."

"Mama Rebeka, ni wivu tu. Nilikuwa—"

"Mama yako alinishuku, lakini hakujua. Wale wa bombani walinishuku, hawakujua. Hata mzee hakujua." Sauti yake ilikuwa ya chini, sijawahi kuisikia hivyo. "Wewe ulijua, na bado ukanishuku. Siku hizo kumi ulizokuwa unanitazama ninavyopita humu ndani, ulikuwa unatafuta nini?"

Alingoja. Sijui alingoja kwa muda gani, bali niliona anangoja kweli, na kama ningekuwa na neno angelipokea. Kisha akasimama, akavaa sweta, akasema anakwenda kumpikia mama. Hakusema atarudi saa ngapi.

Hiyo ilikuwa saa tisa. Sasa inakaribia saa kumi na mbili na nusu.

Jiko limepoa. Pembeni kuna unga, kuna maji, kuna kunde hazijachambuliwa. Nina njaa, njaa ya kweli, si ile ya kujitakia niliyokuwa nikijivunia nyuma ya magunia. Huko Bondeni mama yangu anakula kuku aliyepikwa na Selina, wanazungumza, pengine Selina amecheka. Ninamwonea wivu mama yangu mzazi. Nimeandika hili nikatazama kama ni kweli, na ni kweli.

Daktari alisema mwili hupungua kwa chakula na kazi, kwa kipimo. Hakuniambia kipimo cha wivu, na sikumwuliza, maana sikujua kwamba ndio ugonjwa wangu.

Nimekaa na swali la Selina saa tatu nzima. Nilianza na majibu mazuri. Nilikuwa naogopa kukupoteza. Nilikuwa nakupenda kupita kiasi. Nimeyaandika kwenye karatasi nyingine nikaichana, kwa sababu mtu aliyeogopa kumpoteza mkewe hamwachi akae peke yake kwenye benchi la kanisa.

Jibu ni hili. Nilikuwa natafuta kosa lake, ili langu liwe dogo. Ningelipata hata la kiasi cha punje, ningeshukuru.

Ni jibu baya na sina lingine. Sitamngoja arudi. Navaa koti, nakwenda Bondeni, nitagonga kwa Mzee Laban na kumwambia Selina maneno hayo mama akisikia. Akinifungia mlango, kesho kabla ya kazi nitarudi kugonga.